Nimealikwa teligeti chuoni kwa mwanangu: niende, nibebe nini, na je, anakunywa?

SWALI: Assalaam aleikum kaka. Mimi ni mkazi wa Tanga, mama wa watoto watatu. Wa kwanza, Rashid, yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, anasomea uhandisi, ana miaka 20. Inshallah Oktoba nakwenda kumtazama kwa mara ya kwanza, na tarehe zangu zimeangukia wikiendi ya familia hapo chuoni. Sasa ananiambia wazazi wa kijana anayekaa naye flati moja wamenialika kwenye "teligeti" kabla ya mechi ya mpira wao wa Kimarekani. Nilipouliza ndiyo nini, akanijibu: "Mama, watu wanapaki magari, wanachoma nyama na kunywa tangu asubuhi mpaka mechi ianze." Toka siku hiyo usingizi umeniruka. Sinywi, sili kitimoto, na huo mpira wenyewe siujui. Niende, au nitafute udhuru? Nikienda nibebe nini? Na lililo moyoni hasa: mwanangu anakunywa? – Mama Rashid, Tanga.

JIBU: Waaleikum salaam Mama Rashid. Nenda. Nimetanguliza jibu ili leo ulale. Yanayofuata ni namna ya kwenda.

Rashid hakukudanganya, ila amekueleza kama vijana wanavyoeleza mambo: kaondoa watu, kabakiza nyama na pombe. Teligeti ni ugeni. Familia moja, au kundi la marafiki wa miaka mingi, wanalipia nafasi ya kuegesha karibu na uwanja, wanafungua mlango wa nyuma wa pikapu, wanasimamisha hema la kukunja, wanapanga meza, wanawasha jiko, na kuanzia hapo kila anayefika anakula. Wapo wanaokalia nafasi ileile tangu watoto wao wako mgongoni, na majirani wa hapo wanajuana kwa majina ingawa katikati ya wiki hawaonani. Watoto wanakimbizana katikati ya magari, mabibi wamekaa kwenye viti vya turubai na blanketi mapajani, na kuna baba mmoja mwenye aproni asiyebanduka jikoni kwa kuamini kwamba hakuna mwingine anayejua kuchoma.

Iowa City ni mji wa watu karibu 75,000. Uwanja wa chuo, unaoitwa Kinnick, unaingiza watu 69,250. Siku ya mechi ya nyumbani, ambazo kwa msimu mzima ni kama saba tu, mji unakaribia kuwa miji miwili. Wenye nyumba za jirani na uwanja wanauza nafasi za kuegesha kwenye nyasi zao za mbele. Barabara ya Melrose inayopita kando ya uwanja inajaa vibanda vya chakula, na utawaona watu wazima na heshima zao wanatembea huku wanatafuna paja zima la bata mzinga. Jimbo zima la Iowa halina hata timu moja katika ligi kubwa za kulipwa, kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya wote. Mkulima asiyewahi kukanyaga darasa la chuo hicho naye anavaa fulana yake nyeusi na dhahabu. Na wapo wanaofika, wanakula, wanacheka, kisha hawaingii uwanjani: wanaitazama mechi palepale hemani kwenye televisheni waliyoiunga na jenereta. Ichukulie mechi kama kufungisha ndoa: ndiyo iliyowakusanya watu, lakini wengi akili yao iko kwenye pilau.

Sababu yangu ya kukusukuma uende si utalii. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kuwahudumia wanafunzi wa kigeni, na nimeona wazazi wakifika kutoka mbali, wakatembezwa maktaba, wakapiga picha mbele ya jengo la zamani lenye kuba, wakarudi nyumbani bila kumjua hata mtu mmoja ambaye mtoto wao angemgongea mlango usiku wa manane. Wazazi wa huyo kijana ndio watu hao. Rashid akilazwa hospitali, au akikwama kwa baridi kali ya Januari, wao watajua kabla yako. Ni vizuri wawe na sura yako kichwani na namba yako kwenye simu. Kwa ajili hiyo saa mbili chini ya hema lao zina faida kuliko wiki nzima ya kutembezwa.

Tena usidhani mwaliko huu ni adabu ya mdomoni. Wamarekani husema "karibu siku moja" kwa kila mtu, na siku hiyo haifiki. Lakini mtu akikupa siku, akakutajia eneo la maegesho na akauliza unakula nini, huyo amekualika kweli, na usipotokea atakuwa amekutengea kiti.

Sasa saa ya kufika. Hili linawatatiza hata wenyeji, kwa sababu saa ya mechi haipangwi na chuo peke yake. Vituo vya televisheni ndivyo vinavyochagua, na mara nyingi inatangazwa siku chache tu kabla. Inaweza kuwa saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana, au usiku. (Nimehesabu kwa saa zetu. Mwambie Rashid naye akutajie kwa saa zetu. Mama mmoja aliambiwa "saa kumi na moja" kwa maana ya saa ya Kimarekani, akafika jioni watu wanakunja mahema.) Mechi ikiwa ya asubuhi, kuna watakaokuwa wamewasha majiko kabla jua halijachomoza. Wewe usiwaige. Fika mechi ikiwa imebakiza kama saa mbili na nusu kuanza: chakula kimeiva, watu wamechangamka, na bado hawajachangamka kupita kiasi. Huo ndio wakati wa familia. Kadiri mechi inavyokaribia sauti zinapanda, na mechi ya usiku ndiyo mbaya zaidi, maana watu wamekuwa na mchana mzima wa kunywa. Ikipangwa usiku, nenda mchana, kula nao, aga kabla ya magharibi.

Kwenye chakula nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo Mwislamu anaponaswa bila kujua. Iowa inaongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe. Nguruwe wa jimbo hilo ni wengi mara kadhaa kuliko watu wake. Kwa hiyo kitimoto hakikai kwenye sahani yake peke yake, kinatembea. Kuna soseji nene wanazoziita brati, ambazo huko mara nyingi huchemshwa kwenye bia kabla ya kuchomwa. Kuna nyama iliyochambuliwa nyuzinyuzi ikarowekwa mchuzi mtamu, nayo ni ileile. Hayo utayaona. Usiyoyaona ni vipande vidogo vya beikoni ndani ya maharage matamu, juu ya saladi ya viazi, hata juu ya mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu. Mchuzi mzito wa nyama na maharage unaweza kuwa umepikwa na chupa ya bia. Nyama ya ng'ombe ya kwenye baga si ya kuchinjwa, na imegeuzwa kwa koleo lilelile lililogeuza brati. Halafu kuna kitu kimoja nataka ukikumbuke hata ukisahau mengine yote: vikombe vidogo vya plastiki, vya ukubwa wa kikombe cha dawa ya kikohozi, vyenye jeli ya rangi nzuri, nyekundu, kijani, bluu. Utadhani ni kitindamlo cha watoto. Ndani yake kuna vodka. Nimewahi kumwona mzee wa watu, mcha Mungu, amekamata cha pili ndipo mwanawe akamkimbilia.

Dawa yake ni rahisi na haina aibu: njoo na chakula chako, kiwe kingi, kiwe cha wote. Teligeti ni karamu ya kila mtu kuja na sahani, kwa hiyo hutaonekana umesusa chakula cha watu; utaonekana mgeni mwenye adabu. Na sahani inayofaa kuliko zote ni sambusa. Pale watu wanakula wamesimama, mkono mmoja umeshika kinywaji. Chakula cha kuhitaji sahani, kijiko na mahali pa kukaa kinabaki mezani. Pilau lako ni tamu, najua, lakini lipike Ijumaa mle na Rashid na mwenzake. Jumamosi peleka sambusa za nyama ya ng'ombe na mahamri ya iliki kwenye treya za foili, na kachumbari au chatne pembeni kwenye chombo chenye mfuniko. Pilipili usiweke ndani. Wengi wa watu wa Iowa wanaliona pilipili manga kuwa ni kali, na mtu akiungua na sambusa ya kwanza hagusi ya pili. Andika kikaratasi: nyama gani, kuna nini ndani. Wana wasiwasi mkubwa wa mzio wa karanga, na hawauliziulizi. Wakiwa na shaka wanapita tu.

Nyama usibebe kutoka Tanga, hata iliyokaushwa, hata samaki-samaki zako ukizichanganya na nyama kwenye mfuko mmoja. Forodha ya Marekani itaitupa, na usipoitaja kwenye tamko unaweza kupigwa faini. Iliki, mdalasini na binzari vikiwa vikavu na vimefungwa havina shida, ila vitaje. Nyama halali utaipata hukohuko. Iowa City ina Wasudani wengi, wana maduka yao, na ina Wakongo waliokuja na Kiswahili chao. Usishangae dukani ukijibiwa "karibu mama" kwa lafudhi ya Bukavu. Rashid kama hajakutana nao kwa mwaka mzima, basi amejificha, na hilo nalo muulize.

Kula kwao kuna tabia moja itakayokutesa. Sisi mgeni hukataa kwanza, mwenyeji humlazimisha, hukataa tena, kisha hula. Kule ukikataa mara moja, imekwisha. Hatakulazimisha, kwa sababu kwake kulazimisha ni utovu wa adabu. Atakuonyesha meza kwa mkono, "jipakulie", na ataondoka. Usimngoje arudi; utashinda na njaa ukimnung'unikia bure. Jambo hilohilo ndilo linalokuokoa kwenye pombe: ukisema "hapana, asante, sinywi", hakuna atakayekuuliza kwa nini. Wapo wasiokunywa miongoni mwao, kwa dini, kwa dawa, au kwa sababu waliwahi kunywa mno. Chukua soda au maji kwenye sanduku la barafu, shika mkononi, na suala limefungwa. Mwanamume akikunyoshea mkono nawe hupeani, weka kiganja kifuani na utabasamu. Wataelewa.

Sasa la moyoni. Kama Rashid anakunywa, mimi siwezi kukujibu kutoka hapa, na wewe hutalijua kwa kumkagua macho Jumamosi asubuhi. Ninachoweza kukupa ni ramani ya mahali pombe ilipo, maana wazazi wengi wanailinda milango isiyo yake.

Sheria kwanza. Nchi nzima ya Marekani umri wa kunywa ni miaka 21; serikali kuu ililisukuma hilo mwaka 1984 kwa kutishia kupunguza fedha za barabara za majimbo yatakayokaidi, na yote yakafuata. Rashid ana 20. Akikutwa na kopo la bia mkononi kwenye maegesho anaandikiwa faini, na faini hiyo inaingia kwenye kumbukumbu za mahakama ambazo mwajiri anaweza kuzisoma. Kubwa zaidi kwake kama mgeni ni gari: mwenye viza akikamatwa anaendesha amelewa, ubalozi unaweza kuifuta viza yake hata kabla kesi haijasikilizwa. Anaweza kuendelea kukaa na kusoma, lakini akitoka kuja nyumbani kwenye msiba au harusi, kurudi ni kuomba upya. Kwa aliye chini ya miaka 21, sheria ya Iowa haingoji hata alewe: kiwango chake ni asilimia 0.02 ya kilevi kwenye damu, wakati kwa mkubwa ni 0.08. Bia moja inaweza kutosha.

Lakini hema la wazazi si penye hatari. Pale kuna bibi, kuna watoto, kuna watu wa kanisani kwao. Hatari iko mitaa miwili mbele, kwenye nyumba za kupanga za wanafunzi. Siku ya mechi vijana wanaanza huko tangu asubuhi, muziki juu, michezo ya kushindana kunywa, vodka ndani ya maji ya matunda ambayo haisikiki ladha. Huko hakuna chakula cha maana wala mtu mzima. Usiku wanahamia baa za katikati ya mji, ingawa tangu mwaka 2010 Iowa City ina sheria ndogo inayomtaka aliye chini ya miaka 21 awe ameshatoka baa ifikapo saa nne usiku. Kwa hiyo kumzuia Rashid asikae na wewe hemani kwa sababu kuna bia ni kumpeleka kule ambako kuna bia na wewe hupo.

Na hicho kikombe chekundu cha plastiki utakachomwona nacho, usikinuse mbele za watu. Nakuomba. Wasiokunywa wengi hushika kikombe hichohicho kimejaa soda ili wasisumbuliwe na maswali. Ukimfedhehesha mbele ya mwenzake, umepata jibu la kikombe kimoja na umepoteza majibu ya miaka yote iliyobaki.

Mazungumzo yafanye Jumapili, mkiwa wawili, ikiwezekana ndani ya gari, ambamo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Nina safari ya kukupendekezea. Cedar Rapids, mji ulio kama kilomita 40 kaskazini, na ndiko uwanja wa ndege uliko, una msikiti mdogo wa mbao mweupe wenye kuba la kijani uliojengwa mwaka 1934 na wahamiaji wa Kiarabu. Wenyewe wanauita Msikiti Mama wa Marekani, kwa kuwa ndio mkongwe kuliko yote iliyosimama hadi leo kati ya ile iliyojengwa tangu mwanzo kuwa misikiti. Mtu wa Tanga hatategemea kuukuta katikati ya mashamba ya mahindi. Njiani usimuulize "unakunywa?", kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu analoweza kumpa mama yake. Muulize wenzake wakinywa yeye huwa anakaa wapi. Muulize nani huwarudisha nyumbani. Mara nyingi kijana asiyekunywa ndiye anayegeuzwa dereva wa kundi. Ni heshima, lakini ana la kujua: chupa iliyofunguliwa ikikutwa ndani ya gari, hata kama ni ya abiria, dereva anaweza kuandikiwa kosa, kwa hiyo iwekwe kwenye buti au imwagwe. Kisha muulize akimkuta mwenzake amelala, ametapika, haamki, atafanya nini. Jibu unalotaka kusikia ni kwamba atamlaza ubavu, atapiga 911 na hatamwacha peke yake. Akikuambia atamwacha alale mpaka pombe imtoke, hapo mfundishe, maana ndivyo vijana wanavyofia usingizini.

Mavazi yako yameshapatikana. Rangi za timu ni nyeusi na dhahabu, kwa hiyo baibui lako tayari ni jezi. Tia mtandio wa njano na utapigiwa makofi tangu getini. Ndani yake vaa tabaka juu ya tabaka. Oktoba Iowa asubuhi inaweza kuwa nyuzi 5 na mchana 18, na upepo wa tambarare unaingia kwenye mikono ya nguo. Viatu viwe vya kufunika, soksi nzito. Kandambili ziache kwa Rashid.

Vyoo ni vile vya plastiki vinavyohamishika, havina maji kabisa. Beba chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja unayoijua wewe. Adhuhuri kwa Oktoba inaingia karibu saa saba mchana, kwa kuwa saa zao zimesogezwa mbele. Kama mechi ni ya saa nane na nusu, sali nyuma ya hema kabla hamjaondoka. Kama ni ya saa tano na unaingia uwanjani, itakukuta ndani, kwa sababu mechi ya robo nne za dakika kumi na tano humeza zaidi ya saa tatu kwa jinsi wanavyosimamasimama. Kibla cha Tanga ni karibu kaskazini moja kwa moja. Kule ni kaskazini mashariki. Mwambie mwenyeji wako tu kwamba unahitaji dakika kumi za kusali na mahali pasafi, atakuhamishia meza.

Watakuita kucheza vifuko. Ni mbao mbili zilizolazwa mteremko, kila moja ina tundu, zimetenganishwa kama mita nane. Unarusha kifuko kidogo kama cha mbegu, kikibaki juu ya ubao pointi moja, kikizama tunduni tatu, mshindi ni wa 21. Usikatae. Nimeona mama aliyekaa kimya saa nzima na mkoba mapajani, akazamisha kifuko kimoja kwa bahati, na kuanzia hapo kila aliyepita akawa anamwita kwa jina.

Mechi yenyewe nitaipitia haraka. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inapewa manne mengine. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao. Kwa hiyo jaribio la nne wengi huupiga mpira mbali ili adui aanzie nyuma kabisa. Kwingine mashabiki huguna. Iowa hushangilia. Mmoja wa wachezaji waliopendwa mno hapo miaka ya karibuni ni Tory Taylor, kijana kutoka Melbourne, Australia, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu ya kupiga mpira mbali, na mwaka 2023 akaweka rekodi ya vyuo kwa jumla ya yadi za msimu mmoja. Mkikaa karibu na mzee wa Iowa, mpiga mkwaju akitokea, sema "mkwaju mzuri". Utakuwa umefanya kazi yako.

Kama utaingia uwanjani, na tiketi za wikiendi hiyo si rahisi, basi ingia kwa ajili ya mwisho wa robo ya kwanza. Mkabala na uwanja, ng'ambo ya barabara, kuna hospitali ya watoto ya chuo, ndefu, imepita kimo cha majukwaa. Madirisha ya ghorofa ya juu yanatazama uwanjani, na wagonjwa na wazazi wao huletwa pale siku ya mechi. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unageuka: mashabiki wa pande zote mbili, wachezaji, makocha, waamuzi, wote wanainua mikono na kuwapungia watoto walio dirishani. Lilianza mwaka 2017 na bado linaendelea. Wanaume waliokuwa wanatukana marefa dakika moja iliyopita utawaona wanafuta macho. Wewe ni mama, sina haja ya kuendelea.

Mkoba wako wa ngozi hautaingia getini. Wanataka mfuko unaoonyesha kilichomo, usiozidi takriban sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Ununue mapema. Hoteli nazo wikiendi ya mechi hupandisha bei na nyingi hukulazimisha ulipie usiku mbili, kwa hiyo ama weka nafasi leo, ama lala kwa Rashid naye alale kwenye kochi la sebuleni, ambalo nina hakika analijua vizuri.

Kilichobaki ni kuukubali mwaliko. Usimtume Rashid, vijana husahau, au hufikisha nusu. Omba namba ya mama wa mwenzake, mwandikie mwenyewe ujumbe mfupi wa kawaida, maana wengi wao huko hawatumii WhatsApp. Mshukuru, mwambie utafika, mwambie huli nguruwe wala hunywi pombe ili asihangaike kukununulia, kisha mwambie utaleta sambusa za nyama ya ng'ombe, na umuulize watakuwa watu wangapi na kama kuna mwenye mzio. Akikutajia idadi, ongeza nusu yake, na mpe Rashid kazi ya kutafuta manda.